Jinsi Mvua Inavyohesabiwa Katika Visiwa vya Pasifiki

Iko nchi iliyozungukwa na maji pande zote, ambayo mji wake mkuu hupata mvua yapata inchi 130 kwa mwaka, yaani kiasi cha mara tatu ya mvua inyeshayo Nairobi. Hata hivyo watu wa nchi hiyo wamepata kupanga foleni, ndoo mikononi, wakingojea maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mashine. Msomaji wa Kitui au wa Garissa, ambaye ameuona ukame kwa macho yake, huenda akauliza: Je, watu hao huwaje na kiu, hali mvua yao ni nyingi hivyo?

Jibu la swali hilo lina mafunzo. Watu wa visiwa hivyo wamelazimika kujifunza jambo ambalo kila mkulima na kila mfugaji hulihitaji, nalo ni kuutambua ukame ungali njiani, kabla haujafika mlangoni. Nao hawautambui kwa kutazama mbingu peke yake. Huutambua kwa kupima na kuhesabu, siku baada ya siku.

NCHI YENYEWE

Nchi hiyo ni Visiwa vya Marshall, na mji wake mkuu ni Majuro. Iko katikati ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na New Guinea. Magharibi yake ziko nchi za Mikronesia na Palau. Nchi hizo tatu hujitawala, nazo zina mapatano maalumu na Marekani. Katika sehemu hiyo hiyo viko visiwa vya Guam na Mariana ya Kaskazini, ambavyo ni milki ya Marekani, na mbali upande wa kusini iko Samoa ya Marekani. Nchi hizi zote hutazamwa pamoja katika habari za mvua na ukame, ijapokuwa zimetengana kwa maelfu ya maili za bahari.

Visiwa hivyo ni vya namna mbili. Viko visiwa virefu, vyenye milima na misitu na vijito. Kimoja cha hivyo ni Pohnpei, ambacho ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kabisa duniani. Na viko visiwa vya chini, vilivyojengwa na matumbawe ya baharini. Visiwa hivi vya matumbawe hujipanga mfano wa pete, bahari ikiwa nje na maji mengine ya bahari yaliyotulia yakiwa ndani ya pete. Nchi kavu ni ukanda mwembamba tu juu ya pete hiyo, na mahali pengi mtu aweza kutembea kutoka ufuko mmoja hata ufuko wa pili kwa dakika chache.

Visiwa vya Marshall vyote ni vya namna hii ya pili. Kuna pete 29 za matumbawe na visiwa 5 vilivyo peke yake. Nchi kavu yote ikijumlishwa haipiti kilomita za mraba 181, hata kisiwa cha Unguja peke yake ni kikubwa mara tisa kuliko nchi hiyo nzima. Tena nchi yenyewe ni ya chini sana, kiasi cha mita mbili tu juu ya bahari. Hakuna mlima wa kuzuia mawingu. Hakuna mto wala kijito hata kimoja.

MAJI HUTOKA WAPI

Mahali pasipo na mto watu hunywa maji ya mvua, nao huyapata kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni paa la nyumba. Mvua hunyesha juu ya mabati, maji hufuata mifereji, huingia katika tangi, na watu wa nyumbani huteka humo. Katika visiwa vya mbali na mji, tangi hilo ndilo tegemeo la jamaa nzima.

Njia ya pili hutumika mjini Majuro. Huko uwanja wa ndege wenyewe ni kama paa kubwa. Mvua inyeshayo juu ya njia ya kurukia ndege hukusanywa na kupelekwa katika mabwawa yaliyojengwa kando yake, ambayo yaweza kuchukua yapata galani milioni 36 za Kimarekani. Kutoka hapo maji husafishwa na kupelekwa mjini kwa mabomba. Basi ndege zitumiapo uwanja huo hutua juu ya chanzo cha maji ya mji.

Njia ya tatu ni visima. Chini ya mchanga wa kisiwa cha matumbawe maji ya bahari huingia pande zote. Lakini maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Yakizama mchangani huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi, ijapokuwa mpaka wa maji hayo mawili si wa kukatika, kwa kuwa huchanganyika kidogo kidogo. Maji hayo matamu hufanya tabaka lililo nene katikati ya kisiwa na jembamba kandokando. Mtu akichimba kisima kifupi huyakuta. Lakini akiteka kupita kiasi, au mvua ikikoma kwa miezi mingi, tabaka hilo hupungua na maji ya chumvi hupanda kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi, hakiponi kwa mvua ya siku moja.

Na chumvi hiyo haidhuru maji ya kunywa tu. Magimbi hupandwa katika mashimo yaliyochimbwa mpaka kufikia maji matamu. Mishelisheli, migomba na mikadi hunywa katika tabaka hilo hilo. Minazi huvumilia zaidi, lakini hata nayo huzaa nazi ndogo mvua ikipungua, na mapato ya mbata hupungua. Kwa hiyo ukame katika kisiwa cha namna hii humpiga mtu mara mbili, kwanza katika tangi lake, kisha katika shamba lake.

KWA NINI INCHI NANE

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Katika nchi nyingi wataalamu wa hali ya hewa hulinganisha mvua ya mwezi na mvua ya kawaida ya mwezi huo. Ikiwa mvua ni nusu ya kawaida, husema kuna upungufu. Lakini katika visiwa kipimo hicho peke yake chaweza kumdanganya mtu. Majuro yaweza kupata mvua pungufu kuliko kawaida, na bado watu wakawa na maji ya kutosha. Tena katika pete za kaskazini za Marshall, mvua ya kawaida ya miezi ya kiangazi, kuanzia Januari hata Aprili, haitoshi mahitaji ya watu hata ikinyesha yote.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia kipimo cha pili, nacho ni haja ya watu wenyewe. Katika Visiwa vya Marshall, Mikronesia na Palau, mvua ya inchi 8, yaani milimita 200 hivi, huhesabiwa kuwa ndiyo inayohitajika kila mwezi ili mahitaji mengi ya maji yatimizwe. Hiyo ni inchi 2 kwa kila juma. Katika Guam, Mariana ya Kaskazini na Samoa ya Marekani, kipimo ni inchi 4 kwa mwezi, au inchi 1 kwa juma.

Maana ya tarakimu hizo huonekana wazi ikichukuliwa nyumba moja kuwa mfano. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Basi nyumba yenye paa la mita za mraba 50, ikipata milimita 200 kwa mwezi, hupokea lita 10,000. Sehemu ya tano ikipotea kwa mifereji mibovu na kwa maji yanayoruka, husalia lita 8,000. Ikiwa nyumba hiyo ina watu wanane, na kila mtu hutumia debe moja la lita 20 kwa siku, haja yao ni lita 160 kwa siku, au lita 4,800 kwa mwezi. Basi wanayo ya kutumia, na ya kuweka akiba.

Lakini mvua ikiwa milimita 100 tu, watapata lita 4,000, nazo hazitoshi mwezi. Na ikiwa milimita 50, watapata lita 2,000, ambazo ni za siku kumi na mbili tu. Kama tangi lao ni la lita 5,000, nalo lilikuwa limejaa, mvua ikikoma kabisa litakauka baada ya siku thelathini na moja. Hivyo ndivyo mahali penye mvua nyingi panavyoweza kuwa na watu wenye kiu. Katika kisiwa cha chini maji hayana pengine pa kujiweka. Mvua ya mwaka jana, hata ingekuwa gharika, ilikwisha kurudi baharini.

KAZI YA KILA SIKU

Mvua hupimwa kwa chombo kisicho na siri yoyote. Ni mkebe wenye ubavu wima, uliowekwa mahali palipo wazi, mbali na miti na nyumba. Kila siku kwa saa ile ile mpimaji huangalia maji yamefika wapi, huandika tarakimu, humwaga maji, na kuweka mkebe tena. Vituo vikubwa viko Majuro, Pohnpei, Chuuk, Yap, Koror, Guam na Pago Pago. Lakini viko vituo vingine katika visiwa vidogo, kama Wotje na Utirik katika Marshall, au Pingelap na Ulithi katika Mikronesia, na baadhi ya visiwa hivyo viko mbali na mji kwa mamia ya maili.

Mtu aweza kudhani kwamba siku hizi setilaiti zimeiondoa haja ya mkebe huo. Sivyo. Setilaiti huona mawingu na hukadiria mvua juu ya eneo kubwa la bahari, na msaada wake ni mkubwa. Lakini visiwa vingi ni vidogo kuliko sehemu ndogo kabisa ambayo picha nyingi za namna hiyo huweza kuitenga. Wingu laweza kumwaga mvua baharini na kukikosa kisiwa kwa maili moja. Mkebe peke yake ndio ujuao kilichoangukia paa la watu. Siku ambayo mpimaji hakuandika kitu huleta taabu, kwa kuwa hakuna ajuaye kama siku hiyo haikunyesha au haikupimwa.

Tarakimu hizo hupelekwa kwa wataalamu, nao kila juma huchora Ramani ya Ukame ya Marekani. Ramani hiyo ilianza mwaka 1999, nayo hutengenezwa kwa ushirikiano wa kituo cha mambo ya ukame kilichoko Chuo Kikuu cha Nebraska na idara za serikali za hali ya hewa na za kilimo. Visiwa hivi vya Pasifiki viliingizwa katika ramani hiyo mwaka 2019. Ramani hutolewa kila Alhamisi, na kila mahali hupewa daraja. Daraja la kwanza ni hali ya ukavu usio wa kawaida, ambao bado haujawa ukame. Baada yake huja madaraja manne ya ukame: wa wastani, mkali, mkali mno, na ule wa mwisho usio na mfano.

Ili kumpa mtu daraja lake la haki, wataalamu hawatazami mvua peke yake. Huuliza pia: mabwawa ya Majuro yana galani ngapi? Matangi ya visiwani yana kiasi gani? Visima vimeingia chumvi? Majani ya mishelisheli yamegeuka rangi? Majuma machache yasiyo na mvua hukausha matangi, lakini miezi mingi ndiyo inayodhoofisha visima na miti. Kwa hiyo ramani hutofautisha ukame wa muda mfupi na ule wa muda mrefu. Kisiwa chaweza kupata mvua ya kujaza matangi yote, na bado kisima chake kikawa kigonjwa.

UKAME UNAOTANGAZA KUJA KWAKE

Lakini kupima mvua iliyokwisha kunyesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua itakayokuja, na katika Pasifiki jambo hilo huwezekana mara nyingi kwa sababu ya hali iitwayo El Niño.

Kwa desturi pepo huvuma juu ya Pasifiki kutoka mashariki kwenda magharibi karibu na ikweta. Pepo hizo huyasukuma maji ya juu, yaliyopashwa moto na jua, hata yakakusanyika upande wa Indonesia na New Guinea. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huleta mawingu na mvua. Lakini kila baada ya miaka kadhaa, kwa kawaida kati ya miwili na saba, pepo hizo hulegea. Maji ya moto huenea kuelekea mashariki, na mvua huyafuata. Wavuvi wa Peru ndio walioipa hali hiyo jina lake, ambalo maana yake ni Mtoto, yaani mtoto Yesu, kwa kuwa waliiona karibu na Krismasi.

Mawingu yanapohama kwenda mashariki, Visiwa vya Marshall mara nyingi hupata mvua kubwa na hata tufani. Kisha, mwanzo wa mwaka unaofuata, mbingu hufunga, na kwa miezi kadhaa huja mvua chache sana. Hapa pana mtego kwa mtu asiyepima. Wakati onyo la ukame linapotolewa, huenda mvua inamwagika mlangoni pake, naye huona kichekesho kuambiwa aweke akiba ya maji.

Dalili za El Niño huonekana baharini kabla ya kuonekana angani. Kando ya ikweta, toka upande wa Amerika hata karibu na New Guinea, yalitiwa nanga maboya yapatayo 70 yenye vipimo vya joto la maji na nguvu ya upepo. Kazi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1994. Mwaka huo huo kilianzishwa kituo maalumu, kwa ushirikiano wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, Chuo Kikuu cha Hawaii, Chuo Kikuu cha Guam na wengine, ili kuzifikisha habari hizo kwa serikali za visiwa kwa maneno yanayoweza kutumika.

MWAKA WA KUJARIBIWA

Haikupita miaka mingi kituo hicho kikajaribiwa. Katikati ya mwaka 1997 maboya yalionyesha kwamba bahari inapata moto upesi kuliko ilivyowahi kuonekana. Kituo kikazitahadharisha serikali za visiwa kwamba El Niño kubwa inakuja, na kwamba nyuma yake kutakuwa na ukame mkali. Serikali zikaunda kamati. Mabomba yaliyovuja yakatengenezwa. Watu wakaelezwa kwa redio na magazeti jinsi ya kuweka akiba na kuchemsha maji.

Mwezi wa Desemba 1997 tufani iitwayo Paka ilipita katika Visiwa vya Marshall ikafika Guam, ikaharibu nyumba nyingi. Mtu aliyesimama katika mvua ya tufani ile angeona vigumu kuamini neno ukame. Lakini miezi ya kwanza ya 1998 ilikuja kama ilivyotabiriwa. Mvua ilikosekana toka Palau hata Marshall. Mjini Majuro maji ya mabomba yalifunguliwa kwa saa chache tu kila baada ya siku kumi na nne. Mashine za kutoa chumvi katika maji ya bahari zililetwa toka nje. Visima vya Laura, upande wa magharibi wa Majuro, ambako tabaka la maji matamu ni nene kuliko kwingine, viliombwa kuusaidia mji, na wataalamu wakavipima daima wasije wakavikausha. Magimbi na mashelisheli yaliharibika katika visiwa vingi. Moto uliteketeza nyasi na misitu, hata Pohnpei penye mvua nyingi.

Basi onyo lile lilifaa nini, ikiwa ukame ulikuja vilevile? Swali hilo ni la haki. Onyo haliwezi kuleta mvua. Wala haliwezi kujenga tangi kubwa mahali palipokuwa na tangi dogo, kwa kuwa miezi sita ni michache kwa kazi ya namna hiyo, na fedha nazo ni chache. Watu walipata taabu kweli. Lakini taabu ilipungua. Huko Pohnpei, kwa sababu watu walikuwa wamehimizwa mapema kuchemsha maji, watoto waliolazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali wa kuhara walikuwa wachache kuliko kawaida, ingawa maji yalikuwa haba kuliko kawaida. Mtoto ambaye hakuugua hatajwi katika habari za ukame, wala jina lake halijulikani. Hata hivyo yeye ndiye faida ya hesabu yote ile.

Miaka iliyofuata ilifundisha mengine. Mwaka 2013 hapakuwa na El Niño, lakini pete za kaskazini za Marshall zilikauka, visima vikaingia chumvi, na mwezi wa Aprili serikali ikatangaza hali ya hatari. Ndipo ikaonekana kwamba utabiri wa El Niño hautoshi. Uko ukame unaokuja bila kutangazwa na bahari, na huo huonekana kwa mkebe wa kila siku tu. Halafu El Niño nyingine kubwa ilikuja mwaka 2015. Tarehe 3 Februari 2016 Rais Hilda Heine, ambaye hakuwa ametimiza hata juma moja katika cheo chake, alitangaza tena hali ya hatari kwa ajili ya ukame.

MVUA YAO NA MVUA YETU

Mambo ya visiwa hivyo yasionekane kuwa ya mbali yasiyotuhusu. El Niño ile ile ya 1997, ikisaidiwa na joto la Bahari ya Hindi, ndiyo iliyoleta gharika Kenya, kuanzia Oktoba 1997 hata mwanzo wa 1998, ikavunja madaraja na kuharibu barabara. Maji yaliyozidi huku yalikuwa yamepungua kule. Na hali iliyo kinyume cha El Niño, iitwayo La Niña, mara nyingi hutunyima mvua za vuli. Mwezi wa Mei 2011 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Tarehe 28 Septemba mwaka huo huo nchi ndogo ya Tuvalu, iliyo kusini mwa Visiwa vya Marshall, ilitangaza hali ya hatari kwa sababu matangi yake yalikuwa yakikauka, ikasaidiwa na New Zealand na Australia kwa mashine za kutoa chumvi. La Niña moja ilikuwa imezigusa nchi zote mbili.

Kenya nayo ina hesabu yake. Mamlaka ya taifa ya kusimamia mambo ya ukame iliundwa mwaka 2011, nayo hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 zilizo kavu au karibu kavu. Taarifa hizo hazipimi mvua tu. Hupima pia umbali wa kwenda kuteka maji, maziwa yanayopatikana, bei ya mbuzi sokoni, na unene wa mkono wa mtoto. Ni fikira ile ile ya inchi nane: kupima haja ya watu, si hali ya mbingu peke yake.

LINALOWEZEKANA NYUMBANI

Mwenye nyumba hahitaji setilaiti ili aanze. Mkebe wowote wenye ubavu wima, ukiwekwa mahali palipo wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi, utamwonyesha mvua ya jana. Upana wa mkebe si kitu, maadamu mdomo wake na tako lake ni sawa. Tarakimu iandikwe katika daftari, hata siku ambayo ni sifuri. Baada ya miaka michache daftari hilo litajua mvua ya shamba lile kuliko kituo kilicho maili ishirini.

Kadhalika tangi lipimwe kwa fimbo iliyotiwa alama, na maji yaliyomo yagawanywe kwa matumizi ya siku moja. Jibu ni hesabu ya siku zilizosalia. Ikiwa siku hizo ni chache kuliko siku za kiangazi kilicho mbele, wakati wa kupunguza matumizi ni leo, tangi lingali nusu. Mifereji na isafishwe kabla ya mvua ya kwanza, kwa kuwa mvua ya kwanza haimngojei fundi. Na onyo likitolewa kwa redio wakati mvua inanyesha, lisidharauliwe kwa sababu hiyo. Watu wa Majuro walikwisha kuona mvua ya tufani mwezi wa Desemba, na miezi michache baadaye wakangoja siku kumi na nne bomba lifunguliwe.